Ghala la bibi na sheria za vita

Kamwene wadau. Nimepotea humu kidogo, sio kwamba nimeacha kuandika, ila mwezi huu watoto wa kidato cha tano wanaprinti fomu za kujiunga na shule, stationery yangu inakuwa kama stendi ya mabasi, fotokopi mpaka mashine inanuka moto, halafu na hii baridi ya Iringa ukifunga duka jioni unawaza blanketi tu. Ila kuna ishu imenikaa kichwani wiki ya pili sasa, ngoja niitoe.

Ilianzia saluni. Ninaponyolewa mimi ni Miyomboni, kibanda cha viti viwili na TV iko juu ya kioo kiasi kwamba kinyozi akikuinamisha kichwa unakosa habari. Siku hiyo kulikuwa na makala ya vita za miaka hii ya karibuni, likapita ghorofa la Gaza linashuka chini kama mkate uliokosa hamira, watu wanakimbia na watoto begani, ikaja Mariupol kule Ukraine, halafu Sudan sekunde kama ishirini hivi, matangazo ya saruji. Kuna bodaboda alikuwa amekaa anachaji simu, akasema "Vita ni vita bana, we ulitaka warushiane karanga?" Dada wakala wa miamala ambaye ana meza yake hapo mlangoni akamrukia, "Hamna cha vita ni vita, raia akifa tu huo ni uhalifu wa kivita, apelekwe The Hague, kwisha habari." Kinyozi akazima mashine ili abishane vizuri, mi nimebaki na kichwa kimenyolewa upande mmoja.

Sasa wanaonijua wanajua nilisoma sheria, uwakili sikuufikia (stori ndefu, ada), ila hili somo la sheria za vita ndilo nililipenda kuliko yote na nadhani ndilo peke yake nililosoma bila kutishwa na mtihani. Kwa hiyo wakanigeukia, "wakili, sema." Nikawaambia wote wawili mmekosea, na mmekosea pabaya. Wakaniona msaliti.

Nikawapa mfano wa Soko Kuu letu. Tuseme adui kaingia Iringa, hatuombei, ni mfano, kaficha mtambo wa kurusha makombora nyuma ya soko pale kwenye vitunguu. Ule mtambo ni shabaha halali, hakuna sheria inayokukataza kuupiga. Lakini leo ni Jumamosi saa nne asubuhi, soko limefurika, akina mama wa Kilolo wameshusha kabeji, watoto wanauza mifuko. Kamanda kabla hajabonyeza anatakiwa ajiulize, hiki ninachokwenda kukipiga ni cha kijeshi kweli au nimeambiwa tu? Nikikipiga watakufa wangapi wasiohusika, na hao watakaokufa watapita kiasi ukilinganisha na faida ya kijeshi ninayoitegemea? Naweza kusubiri usiku? Naweza kutumia silaha ndogo zaidi? Naweza kuwatangazia watoke? Shabaha ile ile saa nane usiku, soko lina mlinzi mmoja na paka, hesabu inakuwa nyingine kabisa (na mlinzi naye ana watoto, sijamsahau).

Kwa hiyo dada wakala amekosea kwa sababu sheria haisemi kila raia akifa basi kuna jinai, inaangalia kamanda alijua nini, alipaswa kujua nini, na alifanya nini na hicho alichokijua. Na bodaboda amekosea zaidi, maana huo msemo wake ndio hasa Mikataba ya Geneva ya 1949 na Itifaki zake za 1977 zilikuja kuukataa. Vita ina mipaka. Hata adui yako akivunja sheria, wewe hujapewa ruhusa ya kuvunja. Hili watu wengi linawachoma, wanasema "lakini wenzao wanajificha kwa raia", ni kweli, kujificha nyuma ya raia ni kosa na imeandikwa kwenye Ibara ya 51 ya Itifaki ya Kwanza, ila ibara hiyo hiyo inaendelea kusema kosa la yule halimfutii huyu wajibu wake kwa wale raia. Yule mama wa kabeji hakuchagua mtambo uwekwe nyuma ya meza yake.

Na inakata pande zote. Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas walivyoingia Israel waliua watu kama 1,200, wengi wao raia, wakateka 251, na kati ya waliouawa kulikuwa na vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa wameenda kule kujifunza kilimo. Kilimo jamani. Halafu Gaza kilichofuata wote mmekiona, makumi kwa makumi ya maelfu wamekufa, na Novemba 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ile ya The Hague aliyoitaja dada wakala, ikatoa hati za kukamatwa kwa Netanyahu na aliyekuwa waziri wake wa ulinzi Gallant, na siku hiyo hiyo ya kamanda wa Hamas, Deif. Kwenye hati za wale wawili wa Israel moja ya tuhuma ni kutumia njaa kama silaha. Shikeni hapo kwenye njaa, nitarudi.

Lakini nisiwadanganye, hiyo kanuni ya "kupita kiasi" hata mimi inanikera. Haina mizani. Anayepima mwanzo ni yule yule mwenye kidole kwenye kitufe, na akikosea anayemchunguza mwanzo ni mkuu wake wa kazi. Kunduz, Afghanistan, tarehe 3 Oktoba 2015, ndege ya Marekani ilipiga hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka, na wale madaktari walikuwa wameshapeleka ramani ya mahali hospitali ilipo kwa jeshi lenyewe, wakapigwa hivyo hivyo, wakafa watu 42. Jeshi likachunguza likasema ni makosa ya kibinadamu na ya mitambo, askari 16 wakapewa adhabu za kikazi, hakuna hata mmoja aliyesimamishwa mahakamani. Na Mariupol pale nilipowaambia imepita kwenye TV, Machi 2022, watu walijificha kwenye jumba la maigizo, wakaandika nje chini kwenye lami kwa herufi kubwa za Kirusi "WATOTO", ili rubani akiwa juu aone. Likapigwa.

Hapo saluni ikawa kimya kidogo. Halafu mzee mmoja, anauza kahawa na kashata nje, sisi tunamwita sheikh ingawa mwenyewe anakataa, akasema mbona haya mnayosema ya Geneva ni ya juzi tu, Sayyidna Abubakar, khalifa wa kwanza baada ya Mtume, alipokuwa anatuma jeshi Sham, yaani upande wa Syria, aliwausia, msiue mtoto, msiue mwanamke, msiue mzee, msikate mti wa matunda, msichinje kondoo wala ng'ombe isipokuwa wa kula. Kinyozi ni Mlutheri wa kwaya kabisa, akasema hata sisi tunayo, Kumbukumbu la Torati 20, ukiuzingira mji usiikate miti yake ya matunda. Wakaanza kushindana nani alianza. Mi nikabaki nawaza kitu kimoja, mbona wote wawili wamekwenda kwenye chakula? Vitabu viwili, karne tofauti, na wote wanajua kwamba ukitaka kummaliza mtu kabisa humfuati yeye, unafuata shamba lake.

Ndipo nikamkumbuka bibi.

Bibi mzaa mama ni Mbena, yuko Njombe kijijini, miaka zaidi ya themanini na macho yanaona mpaka dhambi. Ukifika kwake lazima usalimie mara mbili, kamwene ya kwanza halafu shikamoo, ndipo akuite "mume wangu" na kuuliza umemletea nini. Na huyu bibi ana ugonjwa mmoja, ugonjwa wa mahindi. Hauzi mahindi mpaka aone mapya yamebeba shambani. Bei ipande, ishuke, ada ya mjukuu idaiwe, hauzi. Chumba cha nyuma ni ghala, funguo anaifunga kwenye pindo la khanga, na hata hivyo kuna gunia tatu anaziweka chumbani anakolala, chini ya kitanda, kitanda kimeinuliwa kwa matofali ili gunia zipite. Mwaka mmoja mjomba alipata mnunuzi mwenye lori, akatoa gunia tano bila kuuliza, bibi alipojua hakulia wala hakupiga kelele, alikaa kwenye kizingiti cha ghala akaanza kuokota punje zilizomwagika, moja moja, anaziweka kwenye kiganja, mpaka jioni, na mjomba amesimama pale na hela mkononi hajui pa kuziweka. Gunia alizirudisha, kwa hasara.

Tulikuwa tunacheka. Mpaka siku moja nikiwa chuo nilimuuliza kwa nini, akaniambia kama anasema jambo la kawaida tu, "bibi yangu alikula ngozi." Bibi yake alikuwa mtoto wa miaka kama minane hivi wakati wa Maji Maji. Wabena waliingia kwenye vita ile, Septemba 1905 walivamia misheni ya Yakobi pale pale Njombe, na kilichofuata kwa mujibu wa bibi hakikuwa vita. Askari wa Mjerumani walikuja kijiji hakina hata mwanaume, wakachoma vihenge. Mahindi, ulezi, mbegu, vyote. Wakachukua ng'ombe. Wakaondoka. Hawakuua mtu siku hiyo, bibi huwa anakazia hapo, "hawakuua mtu." Waliokufa walikufa baadaye, mmoja mmoja, porini wakichimba mizizi, na waliobaki wakachemsha ngozi za kulalia.

(Kwa upande wa baba mimi ni Mhehe, na Wahehe wengi mwaka ule hawakujiunga na Maji Maji, walikuwa wameshapigwa na Mjerumani mpaka Mkwawa akajimaliza 1898, na kuna waliokwenda upande wa Mjerumani. Kwa hiyo kwenye harusi utani wa ukoo wetu una sehemu ambazo huwa hatucheki sana.)

Nilivyokuja kusoma nikakuta bibi hajaongeza chumvi. Kapteni mmoja wa Kijerumani, Wangenheim, alimwandikia gavana von Götzen kwamba mapigano peke yake ni tone tu baharini, kitakacholeta utii wa mwisho ni njaa na dhiki. Yaani haikuwa ajali, wala haikuwa askari wenye hasira, ilikuwa mpango ulioandikwa kwa barua. Hesabu ya serikali yao wenyewe ilisema Waafrika 75,000 walikufa, wanahistoria wengine wanafika 250,000 mpaka 300,000, wengi kwa njaa. Upande wa Wajerumani walikufa Wazungu 15 na askari wao Waafrika 389. Zisome tena hizo namba taratibu halafu uniambie kama hiyo ni vita au ni kitu kingine.

Na sheria ilikuwepo, ndicho kinachoniuma. Mwaka 1899, miaka sita kabla, Ujerumani ilikaa The Hague na wenzake wakakubaliana kwamba ni marufuku kuharibu mali ya adui isipokuwa ulazima wa vita uwe umebana kweli kweli. Ila mkataba ulikuwa kati ya waliosaini. Sisi hatukuwa watia saini, sisi tulikuwa mali. Kwenye mkutano ule ule Waingereza walitetea risasi za dumdum, zile zinazopasuka mwilini, hoja yao ikiwa kwamba mshenzi ukimpiga risasi ya kawaida hasimami, anaendelea kukujia. Imo kwenye kumbukumbu za mkutano, sijaitunga.

Hata hapa mjini ukitaka kuona nani alihesabika nenda makaburi ya vita, yale yanayotunzwa na tume ya Jumuiya ya Madola, wamelala askari wa upande wa Uingereza na Wajerumani, nyasi zimekatwa, majina yameandikwa. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita ile ya 1914 mpaka 1918, waliovushwa milima hii na mabegi ya watu kichwani wakafa kwa kuhara na njaa, majina hayapo. Tume yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba kuna watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, ambao hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi hawakuwa na bunduki. Tungewaita nini leo?

Sasa turudi kwenye njaa. Ungedhani baada ya Vita ya Pili dunia iliona aibu. Mji wa Leningrad kule Urusi ulizingirwa na Wajerumani siku 872, wakafa raia karibu milioni kwa njaa na baridi, na mwaka 1948 yule jemadari wa Kijerumani aliyeanzisha mzingiro, Wilhelm von Leeb, alisimama mbele ya majaji wa Kimarekani Nuremberg. Majaji wakasema, kuuzingira mji na kuukatia chakula si kosa kwa sheria ilivyo, tungetamani sheria iwe tofauti lakini tunaitumia kama tulivyoikuta. Alitiwa hatiani kwa jambo lingine. Mara ya kwanza niliposoma hukumu ile nilikuwa maktaba ya chuo, nilifunga kitabu nikatoka nje nikanunua hindi la kuchoma, sijui kwa nini, nilihisi tu nile mahindi.

Mikataba ya 1949 nayo ikaacha tundu, ikasema ruhusu chakula cha watoto na wajawazito, ila kama unahofia adui atafaidika unaweza kuzuia. Ni 1977 ndiyo ikaandikwa waziwazi kwenye Ibara ya 54 ya Itifaki ya Kwanza, ni marufuku kuwaua raia kwa njaa kama mbinu ya vita, na ikataja vitu kwa majina, chakula, mashamba, mazao, mifugo, mitambo ya maji. Mazao. Mifugo. Ni kama mtu alikaa na bibi akaandika anavyoambiwa, isipokuwa Maji Maji iliisha 1907 na wino huu ni wa miaka sabini baadaye. Na kwa vita za ndani ya nchi moja, kufanya njaa kuwa jinai ya mahakama ya The Hague kuliongezwa 2019 tu, jana kabisa, na inambana tu aliyeridhia nyongeza hiyo.

Kwa hiyo nilivyowaambia saluni kwamba sheria ya mabomu ina utata, hesabu, mizani isiyo na mawe, kwenye njaa mi sioni utata wowote wa maana. Bomu kamanda anaweza kujitetea, nilidhani jengo ni tupu, taarifa zilikuwa mbaya, nilikuwa na dakika mbili. Njaa haina dakika mbili. Njaa inachukua miezi, kila asubuhi unaamka unaona watu wamekonda kuliko jana na unaamua tena lori lisipite. Ukizuia mwezi wa kwanza labda useme ulikuwa unatafuta silaha kwenye mizigo, mwezi wa kumi unatafuta nini?

Mfano ni zile sekunde ishirini za Sudan ambazo matangazo ya saruji yalizikata. Mji wa El Fasher, Darfur, wapiganaji wa RSF, kundi linalopigana na jeshi la Sudan, waliuzingira karibu mwaka na nusu, wakajenga tuta la udongo kuuzunguka ili mtu asitoke na gunia lisiingie, kwenye kambi ya Zamzam pembeni yake baa la njaa likathibitishwa Agosti 2024, na mji ukaanguka Oktoba 2025 wakaanza kuua waliobaki. Watu mle ndani walifikia kula ambaz, ni mabaki ya karanga zikishakamuliwa mafuta, chakula cha mifugo. Sisi tunaita mashudu.

Wiki iliyopita nilikuwa Njombe kusaidia kuvuna. Jioni tumekaa jikoni, moto unawaka, bibi anapukuchua, mi nikamwonyesha klipu kwenye simu, mama mmoja wa El Fasher anaponda yale mashudu kwenye kinu, mtoto amekaa pembeni anasubiri. Bibi akaisogeza simu karibu na macho, akaangalia mpaka mwisho, akaniambia rudisha. Nikarudisha. Akauliza, "Wamechomewa?" Nikamwambia hapana bibi, wamezungushiwa tuta, chakula hakiingii. "Mashudu haya haya ya ng'ombe?" Haya haya, ila ya karanga, sio alizeti. Akauliza mwenye tuta ni nani, nikamweleza kwa kifupi, akauliza huyo mtu kama ana mama. Nikamwambia lazima anaye. Nikajaribu kumweleza kwamba siku hizi kuna sheria, hicho kitu ni marufuku, imeandikwa, akanisikiliza kwa adabu kabisa kama anavyomsikiliza afisa ugani, halafu akauliza iliandikwa lini. Nikamtajia mwaka. Akahesabu kwenye vidole, sijui alikuwa anahesabu nini, mama yangu alizaliwa lini au ghala lile lilijengwa lini, akarudi kwenye kupukuchua.

Usiku nikamsikia amewasha tochi anazunguka kule nyuma.

Jumamosi hii napanda tena Njombe. Ameagiza mifuko kumi ya kinga njaa ya kuhifadhia mahindi, dawa ya dumuzi, na kufuli jipya, la zamani anasema linafunguka kwa msumari.